Kafa, Hakusafiri: Kumwambia Mtoto Mdogo Habari za Mauti

Hotuba kwa walimu wa skuli za maandalizi, maustadhi wa vyuo vya Kurani na wazazi, Chake Chake, Pemba

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, maustadhi wetu, walimu wenzangu na wazazi mliokuja na watoto wenu mikononi, nashukuru kwa kunipa nafasi hii, ingawa aliyenialika aliponitajia mada nilinyamaza kitambo kwenye simu, kwa sababu ni jambo ambalo mimi mwenyewe nilianza kwa kulikosea. Nimesomesha watoto wa maandalizi kwa miaka 27, na kosa nitakalowaeleza nililifanya nikiwa tayari naitwa mwalimu, mbele ya mtoto wa damu yangu.

Kaka yangu aliondoka Pemba akiwa mgonjwa. Alipanda meli Mkoani kwenda Unguja, na kutoka Unguja akavushwa Dar es Salaam kwa matibabu. Mauti yakamfika huko, na huko huko akazikwa. Alimwacha mtoto wa kiume wa miaka minne. Siku tulipoletewa habari nyumba ilijaa watu, mabusati yakatandikwa hadi uani, na mtoto yule akapelekwa kwa jirani wa nyumba ya tatu ili asione wala asisikie. Aliporudishwa jioni alinikuta mimi mlangoni, akaniuliza, "Shangazi, baba yuko wapi?" Nikamjibu, "Baba kasafiri." Sikuwa nimetunga uongo, kwa kuwa ni kweli kwamba alisafiri, ni kweli kwamba alipanda meli, na mtoto mwenyewe alikuwepo kumpungia mkono. Ndiyo maana jibu lile lilinijia kwa wepesi, na ndiyo maana lilimdhuru.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda naye Mkoani kupokea kifurushi. Meli ikafunga, ngazi ikateremshwa, watu wakaanza kushuka na makapu yao, maboksi ya tende na magodoro yaliyokunjwa. Mtoto alipanda juu ya gunia la mtu ili aone vizuri, akamtazama usoni kila mwanamume aliyevaa kofia, mmoja baada ya mwingine, mpaka wachukuzi wakaanza kupakia mizigo ya kurudi. Nilipomshika mkono tuondoke alikataa. Aliniuliza kama baba yumo chini, kule wanakowekwa ng'ombe. Nikamwambia, "Labda atakuja na meli ya Jumamosi." Tangu siku ile, mtu yeyote nyumbani akitaja Mkoani, hata kama anazungumzia bei ya pweza, mtoto alikwenda kutafuta ndara zake, akazivaa, akasimama mlangoni.

Sisi ni watu wa visiwani. Huenda kuna nchi ambazo mtoto akiambiwa kwamba mtu amesafiri, habari hiyo hubaki kuwa ya mbali kama hadithi; kwetu mtoto huwaona waliosafiri wakirudi kila wiki, wakiwa na halua na nguo za Idi. Neno hilo tunalolitumia kama tafsida, mtoto wa Pemba hulipokea kama ahadi, na ahadi ile huipima kwa macho yake kila meli inapofunga.

Lugha yetu nayo ina mtego mdogo ambao nilichelewa kuutambua. Mtoto wa miaka mitatu hujifunza maneno kwa kuyalinganisha: kalala, kisha kaamka, kakaa, kisha kainuka, katoka, kisha karudi, kaumwa, kisha kapona. Halafu siku moja anasikia, babu kafa. Mwanzo wa neno ni ule ule na sauti ni ile ile, kwa hiyo mtoto mwenye akili zake atangojea nusu ya pili. Binti mmoja wa miaka mitatu na nusu aliwahi kuniuliza darasani, "Mwalimu, bibi ataacha kufa lini?" Wenzangu walicheka. Mimi niliona kuwa sarufi ya binti yule haikuwa na kasoro, ila alikosa mtu wa kumwambia kwamba neno hili, peke yake katika yote aliyokwisha kuyajua, halina nusu ya pili katika dunia hii.

Wataalamu wa malezi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1948 mtafiti aliyeitwa Maria Nagy alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watoto wa mji wa Budapest, huko Hungaria, akaeleza kwamba wale walio chini ya miaka mitano waliyaona mauti kuwa ni safari au usingizi, yaani aliyekufa yupo mahali fulani, anaishi maisha mepesi kidogo kuliko yetu, na anaweza kurudi. Watoto wale walikuwa wa mbali sana na sisi, wa nchi isiyo na bahari, lakini walikuwa wakisema maneno yale yale ya mtoto wa kaka yangu. Wakubwa wao kidogo waliyaona mauti kama mtu anayekuja kuchukua watu. Hapo nasi hatuko nyuma, kwani ni wangapi kati yetu hatujawahi kumtishia mtoto asiyetaka kulala kwa kumwambia Izraili yuko nyuma ya mlango? Wengine wawili, Speece na Brent, walizikusanya tafiti za aina hiyo mwaka 1984, wakaonyesha kwamba kuelewa mauti ni kuelewa mambo kadhaa kila moja peke yake: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kila ulichokuwa ukikifanya, na kwamba kila aliye hai atakufa. Watoto wengi huyafahamu mambo hayo kati ya miaka mitano na saba. Hilo la tatu huwa gumu kwa baadhi yao, ingawa sisi Waislamu tunalisoma waziwazi katika Surat Al-Imran, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Mtoto wa miaka minne anaweza kuihifadhi aya hiyo kwa tajwidi safi na bado akaamini kwamba mama yake hamo ndani ya "kila nafsi".

Basi tuyatazame maneno yetu. Mimi sizidharau tafsida, kwa sababu mtu mzima akiambiwa kwamba mzee wake ametangulia mbele ya haki hufahamu, na maneno hayo humfunika kama shuka. Mtoto hana huo ufahamu wa kumfunika. Ukimwambia "babu kalala", utamkuta usiku amekaa kitandani ametoa macho, anaogopa kufumba, na mama anashangaa kwa nini mtoto aliyekuwa akilala saa mbili sasa hulala saa sita. Ukimwambia "tumempoteza dada yako", atauliza kwa nini hamwendi kumtafuta, kwa kuwa kilichopotea hutafutwa. Na ukimwambia kwamba Mwenyezi Mungu amemchukua mdogo wake kwa sababu anampenda sana, umemfundisha mambo mawili ambayo hukuyakusudia: kwamba Mungu ni mnyang'anyi, na kwamba usalama ni kutopendwa naye. Nimewahi kumpata darasani mtoto aliyekataa kabisa kusifiwa. Ukimwambia "hongera, wewe mtoto mzuri", analia. Ilinichukua wiki mbili kujua kwamba nyumbani walimwambia kaka yake alichukuliwa kwa uzuri wake.

Mnaniuliza tuseme nini. Semeni neno lenyewe. "Babu kafa." Msiogope, halichafui mdomo. Kisha liongezeeni maelezo machache ambayo mtoto anaweza kuyashika: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hali, haumwi tena, wala hahisi baridi, hatarudi nyumbani, roho yake iko kwa Mwenyezi Mungu, nasi tutamwombea dua, mimi nipo, na usiku nitakuwa karibu yako. Maneno hayo yasemwe na mtu ambaye mtoto amezoea kukaa mapajani mwake, yasemwe mapema kabla hajayasikia uani kwa watoto wenziwe, na yakishasemwa msemaji anyamaze. Tatizo letu wakubwa ni kwamba tukishalitamka neno hilo tunaona haya, tunaanza kulifukia kwa maneno mengine mengi.

Nilisema "wala hahisi baridi", na si bure. Katika masika ya mwaka mmoja binti wa miaka minne alikuja skuli na kanga ndani ya mkoba, kanga nzuri, mpya, haijapindwa. Mwalimu mwenzangu alidhani ameiba. Nilipomkalisha pembeni na kumuuliza, akasema anataka nimpeleke kaburini baada ya masomo, kwa sababu mvua imenyesha siku tatu na bibi yake alizikwa na nguo nyeupe nyembamba tu. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa siku tatu, peke yake, huku akiimba nasi herufi asubuhi. Mtu mzima angeona sanda, yeye aliona nguo nyepesi wakati wa mvua. Nilimweleza kwamba mwili wa bibi hauhisi tena baridi, kama vile kucha iliyokatwa isivyohisi maumivu, tukakata ukucha wake mmoja kuhakikisha. Aliutazama kwa muda mrefu. Kanga alirudi nayo nyumbani.

Ustadhi mmoja, ninayemheshimu sana, alinipinga kuhusu maelezo hayo, akasema kwamba maiti ana hali zake kaburini na kwamba si sahihi kusema mambo kama kwamba yote yamekwisha. Tulizungumza kwa utulivu. Mimi sisemi kwamba yamekwisha. Nasema kwamba mwili hauhitaji tena chakula, dawa wala shuka, na kwamba roho inarejea kwa Muumba wake, na hayo mawili hayagombani. Nilichomwomba, nanyi leo nawaomba maustadhi wote mliopo, ni kwamba habari za adhabu ya kaburi zisisomeshwe kwa mtoto wa miaka minne, na hasa mtoto ambaye wiki hiyo amezikiwa mama. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuagiza tuwaamrishe watoto wetu kusali wafikapo miaka saba, na ametufundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa sala yenyewe, iliyo nguzo ya dini, imewekewa umri, kuna haraka gani ya kumpa mtoto wa miaka minne habari za nyoka wa kaburini? Ustadhi yule alicheka, akakubali, na darasa lake la wadogo sasa husoma dua za kuwaombea wazazi.

Nataka nikae zaidi juu ya jambo linalofuata, kwa sababu sijalisikia likisemwa, na lina madhara kuliko yote. Mama zetu wanapochoka husema, "Nyinyi watoto mtaniua!" Baba akisikia kelele husema, "Mtaniua kwa presha nyinyi." Tunasema asubuhi, tunasema mchana, hatumaanishi kitu, ni namna ya kupumua. Mtoto mdogo huamini kwamba dunia inakwenda kwa matendo yake: yeye akilia maziwa huja, yeye akikosa kula mama hukasirika. Siku mama akifa, huyo mtoto ana ushahidi. Aliambiwa mara mia kwamba atamuua, naye akaendelea kupiga kelele. Hatakuja kukuuliza, kwa sababu mwenye hatia hajitangazi; utamwona tu amekuwa mpole kupita kiasi, haombi kitu, anafagia ua bila kutumwa, na majirani wanamsifu kwamba msiba umemkomaza. Mtoto wa miaka mitano hakomazwi na msiba. Ukimwona hivyo, mwambie bila kungoja aulize: mama hakufa kwa sababu ya kelele zako, wala kwa sababu ulikataa uji, wala kwa sababu ulisema humtaki, kelele haziui, hasira haziui, maneno hayaui, alikuwa na maradhi, na siku yake ilifika.

Turudi kwa mtoto wa kaka yangu, kwa kuwa yeye alikuwa na ushahidi wake. Aliyemwambia ukweli hatimaye hakuwa mimi mwalimu. Alikuwa bibi yake, mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa anapeta mchele barazani, mtoto amesimama na ndara zake miguuni kwa sababu kuna mtu alikuwa ametaja Mkoani, naye mama yangu bila kuacha ungo akasema, "Vua, mjukuu wangu. Babako kafa. Kafa, hakusafiri." Mtoto alikaa kimya mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Kwa sababu nimeipoteza kofia yake?" Ndipo tukajua. Wiki ile kaka yangu alipoondoka, mtoto alitoka na kofia ya baba kwenda kuchezea, ikapotea mikarafuuni, na kwa miezi yote ile alikuwa anangojea meli ili amwombe baba radhi. Mama yangu aliweka ungo chini, akamwambia, "Kofia haimuui mtu. Babako alikuwa na ugonjwa wa ini. Kofia aliijua imepotea, na alicheka." Kama kaka yangu alicheka kweli, mimi sijui, mama hakuniambia, nami sikumuuliza.

Sasa niseme kuhusu matanga yenyewe. Desturi yetu ya kuwahamisha watoto msiba unapotokea ina huruma ndani yake, sikatai, lakini tazameni anachokipata mtoto. Anaondolewa nyumbani kwa haraka, na anaporudi mtu mmoja hayupo, chumba kinanuka kafuri na udi, mama ana sura nyingine, na hakuna anayesema. Angelikuwepo, angeona kwamba watu wazima wanalia na kisha wanakula, kwamba Yasini inasomwa, kwamba wajomba wamekuja kutoka Micheweni na Mtambile, kwamba jambo zito limetokea na watu wamelizunguka. Hizo siku tatu hadi kuanua matanga zimetengenezwa vizuri na wazee wetu kwa ajili ya wenye msiba, na mtoto ni mwenye msiba. Abaki, lakini awe na mtu mmoja maalumu wa kumshika, asiye mfiwa wa karibu sana, atakayemweleza kabla kila jambo litakavyokuwa na kumtoa nje akichoka. Wanaume wakipita na jeneza, aelezwe kwamba ndani yumo babu, amevikwa sanda, anapelekwa kuzikwa, na kwamba ndani ya kaburi kuna mwanandani ili udongo usimwangukie. Mvulana akitaka kwenda makaburini na mtu wa kumshika yupo, aende. Akikataa, asilazimishwe, na wala asilazimishwe kumbusu maiti.

Tena mkumbuke tunamfuata nani. Mtume wetu alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa, akampoteza mama yake Amina huko Abwa akiwa na miaka sita, na babu yake Abdul-Muttalib akiwa na miaka minane. Utu uzimani, yeye akiwa ni Mtume, alilizuru kaburi la mama yake akalia, na akawaliza waliokuwa pamoja naye. Anayemwambia yatima wa miaka sita "nyamaza, mwanamume halii" anamfundisha sunna ya nani? Na kipo kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa maandalizi akijue. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, mtoto mdogo tu, na mtoto huyo alikuwa na kijindege alichokuwa akikichezea, kikafa. Mtume alipoingia nyumbani mwao akamkuta amehuzunika, alimsemesha kwa maneno yanayokaribia kuwa na vina: "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kijindege?" Mtu aliyebeba umma mzima mabegani mwake alisimama kwa ajili ya ndege wa mtoto. Hakumwambia "ni ndege tu", wala hakumwahidi ndege mwingine. Alimuuliza habari za marehemu wake, kama tunavyoulizana wakubwa.

Ndege hao tunao hata sisi. Kwetu ni kunguru, hawa wa shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Siku moja watoto wangu walimkuta kunguru mfu chini ya mwembe wa skuli. Niliporudi kutoka ofisini nilikuta mazishi kamili: kunguru amezungushiwa karatasi ya daftari, watoto wanne wamebeba kipande cha boksi mabegani, wengine nyuma wanaitikia, na imamu wa miaka mitano anakemea wanaocheka. Mwalimu mmoja alitaka kuwachapa kwa kuifanyia dini mzaha. Nilimzuia, kwa sababu nilimwona imamu yule ni nani: baba yake alizikwa wiki mbili nyuma naye alikuwa amefungiwa kwa jirani. Alikuwa anayafanya mazishi aliyonyimwa. Niliagiza tu wanawe mikono kwa sabuni. Jioni nikiwa njiani nilikumbuka kwamba katika Surat Al-Maida, mwana wa Adam aliyemuua nduguye hakujua la kufanya na maiti mpaka Mwenyezi Mungu alipomletea kunguru akifukua ardhi. Mtoto akicheza mazishi, akichora kaburi, akimfunika mwanasesere na kitambaa cheupe, mwacheni. Kaeni karibu, na mkialikwa, itikieni.

Jambo jingine linalowashangaza wazazi ni kwamba mtoto analia dakika tano kisha anaomba apewe mpira. Watu husema hana uchungu, hajafahamu. Anao. Mtoto hawezi kuubeba uchungu mrefu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hubeba kidogo, akautua, akacheza, akarudi kubeba kingine. Huuliza swali lile lile mara kumi, na kila mara anataka jibu lile lile, neno kwa neno, kama anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga. Anaweza kurudia kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kung'ang'ania gauni la mama, kuumwa tumbo asubuhi ya skuli. Hayo yasipigwe wala yasichekwe, yatapita. Lakini ikiwa miezi imepita na mtoto hali, hasemi, hachezi, au anasema anataka kufa ili amfuate mama, apelekwe hospitali akaonwe na daktari, na kusomewa Kurani kuendelee sambamba na hilo.

Wapo ambao hawakuwa na jeneza la kumwonyesha mtoto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja hapa kwetu, na kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Katika ukumbi huu naona nyuso ambazo hazihitaji kusimuliwa. Wengi hawakuonekana tena, na familia zilisali sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti asiyekuwepo. Walimu wa miaka ile tulipokea madarasani watoto ambao kwao neno "kasafiri" lilikuwa kweli tupu, na ambao jamaa zao waliendelea kwa miaka kuacha mlango wazi. Nilichojifunza wakati ule ni kwamba hata pasipo na mwili, mtoto anahitaji neno na anahitaji mahali. Familia moja ilimpa mtoto wao shati la baba, wakaliweka ndani ya kasha, na kila Ijumaa mtoto alikaa karibu na kasha lile akasoma Suratul Fatiha. Kasha lile halikuwa kaburi, lakini mtoto aliacha kukimbilia ufukweni.

Nisiwasahau wajane. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mtoto ndani ya nyumba huona tu kwamba baba hayupo na sasa mama naye hatoki, haendi sokoni, haendi harusini, anapokea wageni kwa sauti ya chini. Hakuna anayemweleza. Wifi yangu alipokuwa edani, mtoto wake yule alilala kila usiku amefunga fundo ncha ya kanga ya mama kwenye kifundo cha mkono wake, ili mama akiamka "kusafiri" yeye ahisi. Mwambieni mtoto: mama si mgonjwa, mama hafi kwa sababu amekaa ndani, huku ni kumheshimu baba, na kuna siku itakwisha. Mwekeeni hata kokoto za kuhesabia wiki, awe anaondoa moja kila Ijumaa.

Kwenu walimu nina machache, na mengi mnayajua. Mtoto atakaporudi skuli, wenzake wawe wameambiwa siku iliyotangulia, kwa neno lile lile la nyumbani, ili asikutane na maswali yao getini. Msimsamehe kila kitu. Apange mstari kama wengine, asome kama wengine, kwa sababu utaratibu ni kitu pekee ambacho hakikufa. Siku ya kuchora "baba yangu" achore baba yake, asipewe kazi nyingine. Na ulizeni nyumbani kwao ni nani atakayekuja kumchukua saa tano na nusu, mumtajie jina lake asubuhi, kwani mtoto aliyefiwa huanza kutazama mlango mapema.

Mtoto wa kaka yangu sasa ni mtu mzima, anakaa Wete, ana binti wa miaka minne. Mwaka jana wifi yangu, mama yake, alifariki. Nilifika kwao alasiri, wanawake wamekwisha kukaa, nami nikamwona ameketi na binti yake kwenye kizingiti cha jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango, sikutaka kuwakatiza.

"Bibi kafa," alimwambia.

"Kafa mpaka lini?"

"Mpaka Siku ya Kiyama. Hatarudi hapa nyumbani."

Binti akamtazama usoni kwa muda, akazigusa ndevu zake kama anayehakikisha kitu. "Na wewe?"

"Na mimi siku moja. Si leo. Leo nitakulaza mimi."

Akafikiri tena, kisha akauliza kama yale maandazi yaliyofunikwa kwa kawa ni ya wageni peke yao. Baba yake akainuka kwenda kumletea.